Kata kwenye Ngoma

Chiriku alinyamaza siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katikati ya ugomvi. Alikuwa amesimama mlangoni kwake akimpasha mleta gesi, aliyekuwa ameleta mtungi mdogo badala ya mkubwa na bado akataka ashukuriwe. Mleta gesi husimulia mwenyewe kwamba alikuwa akingoja neno la tatu, kwa sababu la kwanza na la pili yalikuwa yamekwisha kumwingia vizuri, ila la tatu halikuja. Mama wa watu alifungua mdomo, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukaachia ufunguo, naye akateremka polepole mpaka akakaa kizingitini. Kilikuwa kiharusi. Alipotoka hospitali wiki tatu baadaye aliweza kutembea kwa fimbo, kula kwa mkono wa kushoto na kuuchukia uji kama alivyouchukia siku zote, lakini neno hakuwa nalo hata moja.

Wapo watu ambao wakinyamaza nyumba haina habari. Chiriku hakuwa wa namna hiyo. Jina lenyewe alipewa na kaka yake akiwa na miaka minne, kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo tangu alfajiri, na alipoanza kupanda jukwaani hakuona sababu ya kutafuta jingine. Aliimba miaka thelathini na mbili. Alikuwa na mwanya wa kupendeza, sauti nene kuliko mwili wake, na maneno ya kumtosha kila mtu. Sasa alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, macho yakiwa yaleyale makali, akiwatazama watu wakijikanyagakanyaga mbele yake, asiweze hata kuwaambia waondoke.

Kaka yake alikuja kila siku. Watu walimwita Mistari, kwa kuwa hakuna karatasi iliyowahi kupona mikononi mwake. Bahasha, kalenda ya mwaka jana, hata cheti cha chanjo cha mbwa, vyote alivipigia mistari ya vijisanduku na kuchora watu wadogo ndani yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kupanga video za nyimbo. Mwimbaji alileta wimbo, na Mistari alichora kila picha itakayoonekana, nani asimame wapi, kamera iwe mbali au karibu, na pale picha moja inapotakiwa kuondoka ili nyingine iingie aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu: kata. Alikuwa na miaka sitini na saba, na alikuwa amezoea kwamba jambo likiharibika analipanga upya. Hili lilimshinda. Alikaa mbele ya mdogo wake na bahasha yake na kalamu yake, na vijisanduku vikabaki vitupu.

Tumaini lililetwa na mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, mtaalamu wa kuwarudishia watu usemi, ambaye nyumba nzima ilimwita Daktari wa Midomo. Aliwaeleza kwamba maneno ya Chiriku hayajafutika, ila njia yake ndiyo imeziba, na kwamba wapo wagonjwa wasioweza kusema neno lakini wakaweza kuimba, kwa sababu wimbo una mlango wake wa nyuma. Wimbo ukipita, maneno hufuata. Akaongeza kwamba miezi sita ya mwanzo ndiyo mlango unaposukumika kwa urahisi. Walikuwa wamekwisha kula mitatu.

Basi walijaribu. Binti wa Chiriku, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka thelathini na minane asiye na sauti ya kuimbia hata bafuni, alikaa mbele ya mama yake akamwimbia nyimbo zake. Chiriku alivumilia ubeti mmoja, kisha akavuta mtandio akajifunika uso. Hakuwahi kumruhusu mtu aimbe nyimbo zake, na kiharusi hakikumbadilisha tabia. Wakamwekea sauti yake mwenyewe kwenye redio. Alilia, midomo isitikisike. Wakamletea kioo ili ajifuate mwenyewe, akauona mdomo wake ulivyopinda, akakigeuzia kioo ukutani.

Ndipo Daktari wa Midomo alipouliza kama wanayo picha yake ya zamani akiimba, iliyopigwa kwa karibu, mdomo ukionekana wazi kwa mshororo mzima au zaidi. "Mtu mwingine hamtaki," alisema. "Labda yeye mwenyewe wa zamani atamfuata."

Mistari nusura acheke. Ilikuwa kama kumwuliza mwenye shamba kama ana jembe. Alimwambia daktari kwamba ana video kumi na tano za mdogo wake, zote zimepangwa na mkono huu, na kwamba kesho asubuhi ataleta mzigo wote. Usiku ule alilala usingizi wa kwanza wa maana tangu Jumanne ile.

Walikaa sebuleni watatu: Chiriku kitini, Mistari na rimoti, na yule binti, mpwa wake, akiwa na daftari la mraba la kuhesabia, maana alikuwa ameagizwa aandike dakika ambazo mdomo unaonekana. Mistari alianza na ile iliyompa jina mjini, ya ngazi nyeupe. Muziki ukaanza. Chiriku wa kwenye luninga akateremka ngazi, akaigeukia kamera, akafungua mdomo, na hapohapo vikaja viatu. Baada ya viatu mlango wa gari, baada ya mlango wachezaji sita migongo, mkono wenye pete, kivuli ukutani, Chiriku kwa mbali juu ya paa, Chiriku wa miwani ya jua, viatu tena. Chiriku wa kitini alikuwa ameinua kidevu. Midomo yake ilijaribu kuachana, ikakuta hakuna cha kufuata, ikarudi. Wimbo ulipokwisha alikuwa anatazama dirishani.

"Inayofuata ni nzuri zaidi," Mistari alisema.

Inayofuata ilikuwa na farasi.

Tusimwonee mzee wa watu, kwa hiyo tuseme kazi hiyo ilivyotoka na ilivyofika. Alipoianza, kamera ilikuwa moja, kubwa, yenye magurudumu kama mkokoteni. Mwimbaji alisimama juu ya msalaba wa chaki, wimbo ukapigwa kutoka kwenye spuli ya kanda, naye akachezesha midomo mwanzo mpaka mwisho mbele ya pazia lililochorwa mawingu. Hakukuwa na kukata, kwa sababu hapakuwa na pa kukatia. Ilipokuja kamera ya pili, wakaanza kukata ubeti ulipokwisha, na watazamaji wakaona ni miujiza. Ikaja mashine ya kuunganishia kanda, wakakata mshororo ulipokwisha. Kisha watu wakaweka madishi juu ya mapaa, wakaona video za mbali zinavyokimbia, wakarudi kuziona za kwao zimesimama kama picha za kitambulisho. Waimbaji walikuja kwa Mistari wakilalamika kwamba wanaonekana wazee.

Hapo ndipo alipotoa kanuni yake, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mjini: kata kwenye ngoma, siyo kwenye neno. Ngoma ikidunda, picha ibadilike, hata kama mwimbaji yuko katikati ya kusema. Neno litajisemea lenyewe, sikio lipo. Alialikwa kuifundisha. Aliiandika ubaoni kwa herufi kubwa na watu wazima wakainakili. Video zikachangamka, wachezaji wakaongezeka, magari yakaazimwa, na mwimbaji akawa kitu kimoja kati ya vitu vingi vinavyopita. Leo watu wanatengeneza picha ndefu nyembamba za simu, sekunde kumi na tano, ambamo mwenye wimbo hayumo kabisa. Mistari alikuwa akizicheka, akisema hawa hawajui kupanga. Sikumbuki kama aliwahi kujiuliza ni nani aliyeifyeka njia hiyo.

Kazi ya kuhesabu iliwachukua siku mbili. Jumapili jioni mpwa alifunga daftari, akaliweka mezani na kalamu juu yake, akasoma matokeo kwa sauti ya darasani. Video kumi na tano, jumla yake saa moja na dakika mbili. Mdomo wa mama kwa karibu, wazi, bila kipaza sauti wala miwani, sekunde hamsini na moja. Kipande kirefu kuliko vyote, sekunde nne.

"Mjomba," alisema, "ulikuwa unamficha mama?"

"Nilikuwa nampamba."

Alijibu haraka, na mara jibu lilipotoka alilisikia mwenyewe, akatamani lirudi. Walitafuta pengine. Mashabiki walikuwa na picha za jukwaani walizopiga kwa simu, lakini zilikuwa za mbali, na kipaza sauti kimemziba Chiriku kuanzia pua mpaka kidevu. Mabaki ya kanda, yale yasiyokatwa, ambayo yangekuwa na nyimbo nzima nzima, Mistari alikuwa akirekodia juu yake kila kazi ilipokwisha, kama walivyozoea tangu enzi za kanda kuwa adimu. Mazoea yana tabu. Hata kanda zilipojaa madukani aliendelea kufanya hivyo.

Halafu akakumbuka kanda namba 41.

Ilikuwa ya kwanza kabisa, kabla ya video hizo kumi na tano. Chiriku alikuwa na miaka kumi na tisa, Mistari ameajiriwa kituo cha televisheni mwaka mmoja tu. Kamera moja, msalaba wa chaki, pazia la mawingu, na kwa kuwa gauni la mdogo wake lilikuwa la kuazima na halikumkaa vizuri kiunoni, aliagiza kamera isogee mpaka ubaki uso peke yake. Wimbo mzima, dakika nne na ushei, uso na mdomo na mwanya. Ilirushwa mara moja, Jumamosi mchana, kisha ikaenda ghalani. Mistari aliinuka kitini akiwa na ujana mwilini. Akamwambia mpwa wake kwamba dawa imepatikana, na mpwa, ambaye hakuwa mwepesi wa kuamini kitu kisicho na hesabu, alimshika mjomba wake mikono yote miwili.

Ghala la kanda lilikuwa chumba cha chini, lenye baridi ya mashine, na Mtunza Kanda alikuwa mama mmoja aliyevaa sweta mbili na kungoja kustaafu mwezi wa kumi. Alimkumbuka Mistari. Alisema zamani watu wa studio walikuwa hawashuki huku chini, walituma tu mizigo na vikaratasi, wakijiona wamezaliwa juu. Mistari alikubali, akacheka, akaomba radhi ya miaka arobaini kwa mkupuo mmoja. Mama akafungua daftari la jalada gumu, akapitisha kidole, akasimama.

"Arobaini na moja," alisoma. "Wimbo, dada mmoja. Irudiwe. Imerudiwa. Ufugaji wa kuku, sehemu ya pili."

Mistari aliomba asomewe tena, akasomewa tena, kuku wakawa palepale.

Mama aligeuza daftari ili aone mwenyewe. Kando ya namba kilikuwa kimebandikwa kikaratasi kilichotoka juu ya boksi, wino umefifia, na mwandiko ulikuwa wa Mistari, ule wa ujanani, wenye mikia. IRUDIWE. Aliikumbuka siku ile vizuri mno. Katika ubeti wa pili hereni ya Chiriku ilikuwa imedondoka, naye akatazama chini kwa kitambo kidogo kabla ya kuendelea. Hakuna mtazamaji aliyelalamika. Lakini Mistari alikuwa kijana na alitaka kazi isiyo na doa, kwa hiyo akaandika irudiwe, maana yake wimbo huu upigwe upya, siku bendi ikipata nafasi. Bendi haikupata nafasi. Na huku chini, Mtunza Kanda alimweleza bila kumlaumu, ghala lilikuwa na maneno matatu tu: ihifadhiwe, irushwe, na irudiwe. Irudiwe ilikuwa na maana kwamba kanda haina kazi, irekodiwe kitu kingine.

"Ungeandika ihifadhiwe," mama alisema, "hata leo ingekuwepo. Za mwaka huo ziko nyingi."

Alimwekea kanda ile kwenye mashine kwa hisani. Mistari alitazama ufugaji wa kuku, sehemu ya pili, mwanzo mpaka mwisho. Alijifunza kuhusu banda, maranda na ugonjwa wa mdondo. Alikuwa akitumaini kwamba kipindi cha kuku kingeishia njiani na mkia wa wimbo ungebaki nyuma yake, hata ubeti mmoja. Bwana shamba akaaga, akapungia, na baada yake zikaja chenga tupu. Mistari aliendelea kuzitazama mpaka Mtunza Kanda alipoweka mkono begani kwake na kusema ghala linafungwa. Majuto ni mjukuu, lakini huyu alikuwa amekuja na mizigo yake yote, na hakuwa na dalili ya kuondoka.

Kumwambia mpwa ndiko kulikokuwa kugumu. Alimkuta anasahihisha madaftari ya wanafunzi, akamweleza yote, hereni na kikaratasi na kuku, bila kujitetea. Mpwa alisikiliza bila kuinua kichwa. "Kwa hiyo ni kuku," alisema mwishoni, akaendelea kusahihisha. Mistari alikaa pale akimwangalia, na aliona kwamba kwenye ukurasa ule alikuwa anaweka mikasi ya makosa juu ya majibu yaliyokuwa sahihi, moja baada ya jingine, mpaka chini.

Mwezi wa nne wa ugonjwa ukaisha. Mtu aliyebanwa hushika hata unyasi, na Mistari alikwenda kwa Mhariri, mama wa makamo aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, mwenye chumba chake cha kazi juu ya duka la matairi. Yeye alisema ipo njia ya siku hizi. Kompyuta inalishwa picha za mtu, inapewa na sauti yake, nayo inamchora akiimba wimbo wowote, mdomo mzima, bila kukata. Alionekana kuona haya kidogo kuisema, kama mtu anayemkaribisha mwalimu wake kwenye pombe. Mistari alisema ifanyike.

Ilikuwa kazi safi. Chiriku wa kompyuta aliimba dakika nne bila kupepesa, uso wa kujaa, kila neno likiwa limetamkwa vizuri. Walimwekea Chiriku mwenyewe. Alitazama kwa makini, akainama mbele, na mpwa akasogea karibu. Kisha Chiriku akaingiza kidole cha kushoto mdomoni mwake, akaupapasa mwanya, akaitazama tena luninga. Kompyuta ilikuwa imeuziba. Ilimpangia meno kama ya tangazo la dawa ya meno, hakuna pengo. Alimgeukia kaka yake na jicho ambalo zamani lilikuwa likitangulia maneno mazito, akachukua fimbo yake, akaenda chumbani. Mhariri aliurudisha mwanya kesho yake, lakini Chiriku alikuwa amekwisha kumjua yule mwanamke wa kwenye luninga kuwa ni tapeli, na kila alipotokea alijifunika mtandio.

"Tumpe cha kweli," Daktari wa Midomo alisema. "Hata kiwe kidogo."

Cha kweli kilikuwa zile sekunde nne. Mhariri alizitoa peke yake, akazifunga ziwe zinajirudia zenyewe. Zilitoka kwenye wimbo uleule wa kanda namba 41, ambao Chiriku aliurekodi upya miaka kumi na mitano baadaye kwa vinanda vya umeme, na Mistari akaupanga upya kwa mtindo mpya. Kiitikio kilisema: Ukirudi jioni, usinipite mlangoni. Uso uliijaza luninga, mwanya ukiwa mahali pake, macho yamelegea. Ukirudi jioni, usini, na ngoma ikadunda, na kama kanuni ilivyoagiza ikaja miguu ya wachezaji. Kisha mwanzo tena. Sebule ilikuwa na jua la asubuhi, na mpwa alikuwa amefunga pazia moja ili luninga ionekane.

Mara ya saba, midomo ya Chiriku ilisogea. Mara ya tisa ilisogea sawasawa na ya kwenye luninga. Mara ya kumi na moja ilitoka sauti, nene, ya kukwaruza, sauti yenyewe, ikasema: "Ukirudi jioni, usini."

Mpwa alikaa chini kwenye sakafu akalia kwa furaha bila kujificha. Mistari hakuweza kulia wala kucheka. Alikuwa ameshika mkono wa kiti. Miezi mitano karibu, na mdogo wake amesema. Daktari wa Midomo peke yake ndiye aliyebaki ametulia. Alipiga magoti mbele ya Chiriku na kumtaka aendelee. Mpwa naye akajiburuta karibu, akamwambia taratibu, "Usinipite, mama. Usi-ni-pi-te." Chiriku alimtazama mdomo, kisha akaigeukia luninga, akangoja. Ikaja miguu. Akafunga mdomo.

Wakarudia. Ukirudi jioni, usini, na mdomo ukafungwa, kwenye ngoma hasa, bila kuchelewa hata kidogo. Walizima luninga, akaimba mwenyewe, akaishia hapohapo. Walimwekea sauti iendelee bila picha, akaisikiliza kama habari isiyomhusu. Walifanya hivyo siku hiyo, na kesho yake, na wiki ile nzima, na iliyofuata. Daktari alikuwa mkweli. Alisema njia imefunguka, na imefunguka mpaka pale ilipoonyeshwa. Labda mbele ya safari, alisema, ila macho yake hayakusema hivyo. La kuvunda halina ubani. Mwezi wa sita ukaja, ukapita, na mkoba mkubwa ukaanza kuonekana mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi.

Ukirudi jioni ilichakaa ikapotea. Ikabaki usini peke yake. Chiriku aliitumia kwa kila kitu, na watu wakajifunza kuimalizia. Uji ukija, usini, mpwa anajua ni usinipe. Dirisha likiguswa, usini, ni usinifungie. Mleta gesi, ambaye sasa alileta mtungi mkubwa bila kuambiwa, alipigwa usini mlangoni akaitika kwa heshima, "Sikudanganyi, mama, pima mwenyewe." Nyumba ilicheka siku ile, na Chiriku naye alicheka, upande mmoja wa mdomo. Mistari hakucheka. Kila alipolisikia neno lile aliiona kalamu nyekundu mkononi mwake.

Alasiri moja walikuwa wawili tu. Mpwa alikuwa shuleni. Mistari alikuwa amekaa karibu na kiti cha dirishani, hana bahasha wala kalamu, siku hizo alikuwa haendi navyo tena. Chiriku aliinua mkono wa kushoto, akamshika kaka yake shati, hapa kifuani, akamvuta.

"Usini," alisema.

Mistari alitazama. Uji haukuwepo. Dirisha lilikuwa wazi, kama alivyolipenda.

"Nisikupite?" aliuliza, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno la wimbo. Chiriku akatikisa kichwa. "Nisikuache?" Akatikisa. Alimwuliza kama asimfiche, kama asimlilie, kama asimwonee huruma, kama asimkumbushe. Alimwuliza kama asimrudishe hospitali. Kila neno Chiriku alilipima, akalikataa, na hakukasirika, ila vidole vyake vilizidi kulikaza shati. Mistari aliwaza Kiswahili chote alichopewa na mama yao, vitenzi vyote ambavyo mtu anaweza kumfanyia mwenzake au kuombwa asimfanyie, na hapakuwa na pa kuanzia wala pa kuishia.

"Nisikufanye nini, mdogo wangu?" alisema. "Niambie. Nakusikiliza."

Chiriku alivuta pumzi. Wakati huu alilisema polepole, silabi moja moja, na Mistari aliutazama mdomo ule kwa karibu kuliko alivyowahi kuutazama katika miaka arobaini, midomo, mwanya, mpaka ulimi ukijiinua kwa silabi inayofuata. Kisha mdomo ukafungwa, palepale kaka yake alipokata.